Uwanja wa Gofu Kiganjani

Ewe msomaji, gofu hutaka uwanja mpana wenye mashimo 18. Uwanja huo uliwezaje kuenea kiganjani? Mwaka 1984, kampuni ya Nintendo ya Japani ilipotaka mchezo wa gofu wa televisheni, mafundi wengine walisema kwamba kasha dogo la mchezo haliwezi kubeba mashimo yote. Satoru Iwata, kijana wa miaka 24, aliyabana hata yakaenea. Mchezaji alibonyeza kitufe mara tatu: kuanza pigo, kupima nguvu, na kunyosha mpira. Mwaka 1989 mtindo huo uliingia katika Game Boy, mashine ya mkononi ya betri nne na picha zisizo na rangi. Mwaka 2002 Iwata akawa rais wa Nintendo. Basi, usione vyaelea, vimeundwa.