Asili ya Wawaloni na Lugha Yao

Jina la watu aghalabu hutolewa na jirani kabla ya kukubaliwa na wenyewe. Ndivyo lilivyo jina la Wawaloni, wakazi wa kusini ya Ubelgiji. Makabila ya Kijerumani ya kale yalimwita "walh" kila aliyesema Kikelti, na baadaye Kilatini. Shina hilo ndilo lililozaa pia jina la Wales katika Britania na la Wallachia katika Romania. Kila lilikofika maana yake ilikuwa moja: mgeni, mtu wa lugha nyingine. Ajabu ni kuwa aliyeitwa mgeni alikuwa kwao, na aliyemwita hivyo ndiye aliyekuja nyuma yake.

Mwaka 57 kabla ya Kristo, Julius Caesar alipigana na Wabelgae na kuwashinda. Karne baada ya karne, Kilatini cha askari na wachuuzi kikashika mahali pa lugha ya wenyeji. Katika karne ya 5 Wafaranki waliingia nchi hiyo. Kaskazini lugha yao ilitawala, nayo ndiyo mzazi wa Kiholanzi. Kusini Kilatini kilidumu, na kutokana nacho kikazaliwa Kiwaloni.

Wako waliodhani kuwa Kiwaloni ni Kifaransa kilichoharibika. Ushahidi wa maneno unakataa. Kichwa kwa Kifaransa ni "tête", na kwa Kiwaloni ni "tiesse"; mnyama ni "bête", na kwa Kiwaloni "biesse". Sauti ya "s" iliyokuwamo katika Kilatini imehifadhiwa na Kiwaloni, hali Kifaransa kimeipoteza. Vile vile Wafaransa husema "garder", yaani kulinda, na Wawaloni husema "warder", wakitunza "w" ya Wafaranki. Kitu alichokwisha kukitupa jirani hakiwezi kuazimwa kwake. Basi lugha hizi ni ndugu wa mama mmoja.

Dharau hiyo, hata hivyo, ilileta madhara. Katika mji wa Liège chama cha fasihi ya Kiwaloni kiliundwa mwaka 1856, na mashairi na michezo ya kuigiza ikastawi. Lakini sheria ya mwaka 1914 ililazimisha kila mtoto kwenda shule, na lugha ya shule ilikuwa Kifaransa. Mtoto aliyesema lugha ya nyumbani aliadhibiwa. Husemwa mwacha asili ni mtumwa, lakini wazazi hawafai kulaumiwa: walitaka watoto wao wapate elimu na kazi, na mlango wa yote mawili ulikuwa Kifaransa.

Sheria za mwaka 1962 na 1963 zilithibitisha mpaka wa lugha nchini Ubelgiji, na baadaye Wallonie ikawa jimbo lenye serikali yake. Mwaka 1990 Kiwaloni kilitambuliwa kuwa miongoni mwa lugha asilia za nchi. Lakini UNESCO imekihesabu kati ya lugha zilizo hatarini. Hivyo jina lililotolewa na wageni limepata nchi, na lugha iliyobeba jina hilo inapungukiwa na vinywa.