Mukama Alipogeuzwa Chifu

Kila panapozungumzwa historia ya Uhaya, hakosekani mtu wa kusema kwamba "chief" ni Kiingereza tu cha Mukama, yaani mfalme wa Kihaya, na kwamba kulibishania neno hilo ni kupoteza muda. Wasemao hivyo hawajamsoma msafiri Mwingereza John Hanning Speke.

Speke aliingia Karagwe mwishoni mwa 1861 akiwa na mwenzake James Grant, wakakaribishwa na mtawala wake, Rumanyika. Speke hakuwa na haya: alimwomba shemeji wa Rumanyika, mmoja wa wanawake walionenepeshwa kwa maziwa hata kutembea kukawa shida, akubali kupimwa mkono, kifua na paja. Alikuwa na dharau zake nyingi juu ya Waafrika. Hata hivyo, katika kitabu chake cha 1863, Rumanyika ni "king", ukurasa baada ya ukurasa. Wakati huo Mwingereza alikuwa akiomba chakula, wapagazi na ruhusa ya kupita kwenda Buganda. Anayeomba njia humwita mwenyeji kwa cheo chake.

Wajerumani hawahitaji maneno mengi. Emin Pasha, mtumishi wao, aliweka kituo Bukoba mwaka 1890, na kwenye makaratasi yao watawala wakawa "Sultan", jina lililopandishwa kutoka pwani.

Utata wenyewe unaanza na Waingereza, walioitwaa Bukoba mwaka 1916. Chini ya Gavana Donald Cameron, sheria ya 1926 ya mamlaka za wenyeji iliwapa watawala wa falme za Kihaya za Kiziba, Kianja, Ihangiro na kwingineko cheo kimoja: "chief". Ushuru wa kimila waliozoea kupelekewa ukaondolewa, wakawekewa mshahara kutoka hazina ya wenyeji. Chini yao walibaki wami, wakuu wa magombolola (tarafa), na bakungu, wakuu wa vijiji, lakini juu yao sasa alikaa mkuu wa wilaya. Mtu ambaye cheo chake ndicho Wahaya humwitia Bwana Mungu kanisani akawa mtumishi mwenye tarehe ya mshahara.

Atakayesema Kiingereza hakikuwa na neno jingine na avuke mpaka. Mkataba wa Buganda wa 1900 ulimwachia Kabaka, mfalme wa Buganda, jina lake na kumwongezea heshima ya "His Highness". Ile ya "Majesty", bila shaka, ilibaki London. Huko Buganda "chief" alikuwa mkubwa wa saza, yaani jimbo, mtu wa chini ya Kabaka. Neno lilelile, upande wa pili wa mto Kagera, likawekwa juu ya kichwa cha Mukama mwenyewe.

F. X. Lwamgira aliyajua hayo kwa karibu, maana alifanya kazi miaka mingi katika utawala huohuo wa wakoloni. Kitabu chake kilichochapwa Kashozi mwaka 1949 kinaitwa *Amakuru ga Kiziba na Abakama Bamu*, yaani Habari za Kiziba na Wafalme Wake. Chifu hayumo katika jina hilo. Ajabu ni kwamba wanaoandika juu ya "machifu wa Kihaya" hukinukuu kitabu hicho bila kulitazama jalada lake.

Isidhaniwe kwamba kila Mhaya aliwalilia Abakama. Umoja wa Wahaya wa Bukoba, ulioanzishwa 1924 na Klemens Kiiza na wenzake, ulikuwa na ugomvi mzito zaidi ya majina. Mkulima aliyepanda migomba na kahawa katika kibanja (shamba lake) kilichomo ndani ya nyarubanja, ardhi ya bwana, alimlipa mwenye ardhi, awe ameitwa mfalme au chifu. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki, na serikali huru iliyasikia: sheria za 1965 na 1968 ziliivunja nyarubanja.

Uchifu wenyewe ulikuwa umeshatangulia kuondoka. Ulifutwa 1963 kwa sheria ya Bunge iliyobatilisha sheria nyingine, jambo jepesi kwa cheo kilichokwisha kuandikwa kama kazi ya serikali. Neno halikuzikwa nao: mwaka 2021 machifu wa kimila walimpa Rais Samia Suluhu Hassan jina la Chifu Hangaya.

Ng'ambo ya mpaka, Uganda ilirudisha watawala wake wa jadi mwaka 1993. Oyo, mtawala wa Toro, aliyetawazwa 1995 akiwa na miaka mitatu, ana cheo cha Omukama kama alichokuwa nacho mtawala wa Kiziba, na magazeti ya Kiingereza ya Kampala humwita "King Oyo".