Nani Analipia Joto?

Mwaka 1920, katika bustani ya Chatsworth huko Derbyshire, Uingereza, watu walitega baruti kwenye nyumba ya vioo ili waibomoe. Haikuanguka mara ya kwanza. Ilibidi warudie tena na tena mpaka ikakubali. Nyumba hiyo ilikuwa na umri wa miaka 80 hivi. Malkia alikuwa amepita ndani yake kwa gari la farasi. Lakini baruti haikuiua, ilizika tu maiti. Kilichoiua nyumba ile ni kukosa makaa ya mawe.

Niliposoma kisa hiki niliwaza juu ya kile chumba Waingereza wanachokipenda sana, konsavatori. Ni chumba cha vioo kilichoshikanishwa na nyumba, mara nyingi upande wa bustani. Zamani kilikuwa cha matajiri pekee, siku hizi utakikuta hata nyuma ya nyumba ya dereva wa basi. Kuna viti vya mianzi, mimea kwenye vyungu, na mtu anakunywa chai huku mvua inanyesha nje. Sisi tuna baraza, wao wana konsavatori. Tofauti ni kwamba baraza linalikimbia jua, nayo konsavatori inalifukuza ili ilikamate.

Na jua la kule halikamatiki kirahisi. Historia yote ya chumba hiki ni historia ya swali moja: baridi ikija, nani analipia joto?

Ilianza na machungwa. Katika karne ya 17, wafalme na mabwana wa Ulaya kaskazini walishikwa na hamu ya michungwa na milimau. Miti hiyo haiwezi baridi kali, kwa hivyo ilipandwa kwenye masanduku, ikakaa nje wakati wa kiangazi, kisha ikaingizwa ndani kabla ya barafu. Kule Versailles, Ufaransa, msanifu Jules Hardouin-Mansart alimjengea Mfalme Louis wa 14 nyumba ya michungwa kati ya mwaka 1684 na 1686. Ukumbi wake wa kati una urefu wa zaidi ya mita 150. Ukuta wake ni mnene ajabu, na madirisha yake makubwa yanatazama kusini. Hiyo ndiyo ilikuwa ramani ya kwanza ya chumba cha jua, na mantiki yake ni rahisi. Kaskazini ya dunia, jua la majira ya baridi hupita chini, upande wa kusini. Basi ukipeleka madirisha kusini na ukuta mnene kaskazini, umepata joto la bure.

La bure, lakini halitoshi. Walijaribu kuwasha moto wa makaa ndani, na moshi ukaua mimea. Mwandishi John Evelyn, aliyependa bustani kuliko watu wengi wa enzi yake, aliona kwamba mimea inateseka kwa kukosa hewa safi, si kwa baridi peke yake. Mwaka 1685 alitembelea bustani ya dawa ya Chelsea, London, akakuta kitu kilichomfurahisha: jiko lilikuwa chini ya sakafu, limejengewa matao ya matofali, na joto lilipanda kutoka chini. Mtunza bustani aliweza kufungua milango na madirisha hata wakati wa baridi kali. Leo mafundi wa Ulaya wakikuuzia mfumo wa kupasha sakafu joto kana kwamba umevumbuliwa jana, jua kwamba mimea ya Chelsea iliufaidi zaidi ya miaka 300 iliyopita.

Wengine walitumia akili ya mboji. Walichimba shimo, wakalijaza maganda ya mwaloni yaliyokwisha kutumiwa na watengeneza ngozi, wakazika vyungu humo. Maganda yanapooza hutoa joto la polepole kwa miezi kadhaa. Hivyo ndivyo mabwana wa Uingereza walivyokuza mananasi katika karne ya 18. Hebu fikiria kazi hiyo yote, na tunda lenyewe Thika linauzwa kando ya barabara.

Kilichobaki ni kioo chenyewe, nacho kilikuwa ghali kwa makusudi. Kuanzia mwaka 1746 serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya kioo kwa uzito. Juu yake kulikuwa na kodi ya madirisha tangu 1696. Kodi ya kioo ilifutwa 1845, ya madirisha ikafutwa 1851. Ghafla chumba cha vioo kikashuka kutoka kasri hadi kwa daktari, mwanasheria na mwenye duka kubwa. Haikuwa sadfa kwamba mwaka huo huo wa 1851 jiji la London lilifungua Crystal Palace, jengo la chuma na vioo lililobuniwa na Joseph Paxton, mtu aliyekuwa mtunza bustani.

Paxton huyo ndiye aliyesimamia ile nyumba ya Chatsworth. Ilianza kujengwa mwaka 1836 kwa ajili ya Duke wa Devonshire. Urefu wake ulikuwa mita 84, upana mita 37, na kimo karibu mita 20, ili migomba na minazi inyooke bila kuinama. Malkia Victoria alipokuja Desemba 1843, taa ziliwashwa kila mahali na gari lake likapita katikati ya msitu wa kigeni, nje baridi ikiuma.

Lakini mimi kinachonishangaza ni kile ambacho malkia hakukiona. Chini ya nyumba kulikuwa na boila 8 na takriban kilomita 11 za mabomba ya maji moto. Makaa ya mawe yaliletwa kwa reli ndogo iliyopita chini ya ardhi. Moshi nao ulipitishwa chini kwa chini mpaka kwenye dohani lililokuwa mbali, kilimani. Mpango mzima ulichorwa hivyo ili mgeni aone majani mabichi tu, asione sururu wala jasho wala mtu mwenye uso mweusi kwa masizi.

Bustani ya Kew ilifanya vivyo hivyo katika nyumba yake ya michikichi, iliyojengwa kati ya 1844 na 1848. Hapo ndipo sakafu ilipogeuka kuwa sehemu ya mashine. Iliwekwa vyuma vyenye matundu, na joto la boila za chini likapanda kupitia miguuni mwa wageni. Katika nyumba za watu wa kawaida fundi alitandaza vigae vya udongo, akaacha mfereji kando ya ukuta wa kupitisha mabomba, akaufunika kwa chuma cha matundu. Vigae havikuwa pambo tu. Chumba cha mimea humwagiwa maji kila siku, na jua hukichoma. Mbao hapo huvimba na kupinda, lakini kigae hustahimili, tena hulihifadhi joto la mchana na kulirudisha jioni.

Halafu ikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Makaa yakahitajika kwingine, na vijana waliokuwa wakiyachochea wakaenda vitani. Boila za Chatsworth zikapoa. Mimea iliyokusanywa kwa miongo ikafa. Baada ya vita hakuna aliyetaka kulipa bili ile tena, ndipo baruti ikaitwa.

Hadithi hii si ya Waingereza peke yao. Mwaka 1892, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona ua dogo la zambarau kwenye miamba yenye kivuli huko Usambara, akampelekea babake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia, kwa heshima ya familia hiyo. Wenyeji waliolipita kila siku wakienda shambani hawakutajwa. Leo ua hilo liko kwenye vyungu vya madirishani na konsavatori kote Ulaya na Marekani. Ndugu zake wa mwituni wamebaki kwenye vipande vya msitu, wakiwemo wa kilima cha Mbololo kule Taita na wale wa miamba ya Kilifi. Ua lina joto la uhakika katika nyumba za watu wa mbali kuliko kwenye msitu wake lenyewe, unaozidi kukatwa.

Nayo nyumba ya joto ikatufuata hadi nyumbani. Ukipita Naivasha utaona vivungulio vya plastiki mpaka macho yachoke. Usiku wa Naivasha ni wa baridi, na unyevu huleta ukungu kwenye waridi. Mwaka 2003 shamba la Oserian lilianza kupasha vivungulio vyake joto kwa jotoardhi, hadi hekta 50, bila kuchoma makaa. Paxton angelia kwa wivu.

Sasa tunajenga vioo pia Nairobi, kuta nzima za vioo zinazotazama magharibi, halafu tunalipia stima ya kupoza. Tumeazima chumba bila kuuliza kilitengenezewa jua gani. Hapa karibu na ikweta jua hupita juu ya kichwa, na jioni hupiga ukuta wa magharibi moja kwa moja. Ukitaka chumba chako cha mimea, ziba paa, acha matundu ya hewa juu, weka vigae chini, na vioo vitazame kaskazini au kusini. Babu yako angekwambia hilo ni baraza lenye madirisha, na angekuwa sawa.

Pale Chatsworth, ndani ya kuta za chini zilizobaki, wamepanda mzingile wa ua. Watoto hupotea humo wakicheka. Haupashwi joto na mtu yeyote.