Sifuri Moja Ilimfanya Mama Mboga Aitwe Mdeni

Leo sina stori ya simu mpya wala ya nani ameachana na nani. Leo ni historia, tena ya kitu ambacho hukioni: zile programu ndogo zinazopanga data ikae vizuri kwenye ripoti. Najua kidole kinataka kupita. Ngoja kwanza. Kuna mama aliaibishwa mbele ya watu, na mwenye makosa ni mimi.

Anti yangu ako kwa chama cha akina mama thelathini na kitu. Waliniomba niwatengenezee ripoti ya kila mwezi: nani amechanga, nani bado, nani anakula faini. Nikaandika programu fupi. Inasoma orodha ya wanachama, inalinganisha namba zao za simu na malipo yaliyoingia, halafu inatoa ripoti safi ya kuprinti. Kazi ya kusoma na kupanga ile data sikuifanya mwenyewe. Nilichukua laibrari ya bure kwenye intaneti, yaani programu ya mtu mwingine unayoichomeka ndani ya yako ili usianze kila kitu mwanzo.

Miezi sita, hakuna shida. Halafu usiku mmoja kabla ya mkutano nikaona laibrari imetoa toleo jipya. Nikasasisha. Ripoti ikatoka, nikaiangalia juu juu, rangi poa, safu zimenyooka. Nikatuma, nikalala.

Kesho yake wanachama kumi na mmoja wakasomwa kama wadeni. Mmoja wao anauza mboga, na hajawahi kuchelewesha mchango hata siku moja. Alisimama na simu mkononi, akionyesha meseji za malipo moja baada ya nyingine, sauti inatetemeka. Anti akanipigia: "Wewe kijana, umetufanyia nini?"

Nilichofanya ni hiki. Toleo jipya lilikuwa limeanza kukisia: kitu chochote kinachofanana na namba, linakigeuza kuwa namba. Na namba ya hesabu haianzi na sifuri. Kwa hivyo 07 ikawa 7. Waliosajiliwa kwa 254 walipona. Walioandikwa kwa sifuri, programu yangu haikuwatambua tena, ikasema hawajalipa. Badiliko lenyewe lilikuwa limeelezwa wazi kwenye maelezo ya toleo. Mimi ndiye sikusoma.

Nilitaka kulaumu laibrari. Halafu nikaanza kusoma historia, nikapata kwamba sifuri ya mbele ina stori ndefu kuliko nilivyodhani.

Turudi Machi 2016. Kulikuwa na laibrari ya JavaScript inaitwa left-pad. Kazi yake? Kuongeza nafasi au sifuri upande wa kushoto wa neno hadi lifike urefu unaotaka. Ukiipa 7 na ukitaka tarakimu tatu, inakupa 007. Basi. Mistari 11 tu ya programu. Ni ile kazi ndogo inayofanya safu za ripoti zilingane.

Aliyeiandika, Azer Koçulu, alikuwa na laibrari nyingine inaitwa kik. Kampuni ya Kik, ya ile programu ya kuchati, ikataka hilo jina. Yeye akakataa. Npm, ghala ambalo watu wa JavaScript huchukulia laibrari zao, ikaipa kampuni jina hilo. Jamaa akakasirika, na tarehe 22 Machi akatoa laibrari zake zote ghalani, zaidi ya 250. Left-pad ilikuwa mojawapo.

Dunia ikashtuka. Miradi mikubwa kama Babel ilikuwa inategemea laibrari inayotegemea laibrari inayotegemea left-pad. Watu ambao hawajawahi hata kusikia jina hilo wakaona kazi zao zinagoma kwa sababu ya mistari 11.

Sasa sikia sehemu ambayo watu husahau wanaposimulia. Muda mfupi baadaye mtu mwingine alipandisha left-pad ya kwake, inayofanya kazi ile ile, akaipa namba ya toleo 1.0.0. Ungedhani mambo yameisha. Hapana. Huko chini kwenye mnyororo kulikuwa na programu iliyoandikwa kwamba inataka toleo 0.0.3, hilo hilo, si lingine. Makosa yakaendelea hadi npm ikarudisha 0.0.3 yenyewe. Na tangu hapo npm ikabadilisha sheria, ikawa si rahisi mtu kuondoa kitu ambacho wengine wameshakitegemea.

Kwa hivyo ukiona namba za toleo usidhani ni mapambo. Ni makubaliano. Kwa utaratibu unaofuatwa na wengi, namba ya mwisho ikipanda, kuna kitu kimerekebishwa. Ya katikati ikipanda, kuna kitu kimeongezwa. Ya kwanza ikipanda, jua kuna kitu ulichozoea ambacho huenda kimevunjwa makusudi. Laibrari yangu ilikuwa imepandisha namba ya kwanza. Ilinipigia honi kabisa, na mimi nikavuka barabara nikiangalia simu.

Hapa wengine mtasema, "Si ndiyo maana mimi sisasishi? Kama kitu hakijaharibika, usikiguse." Nilifikiria hivyo pia, mpaka nikasoma yaliyotokea Uingereza mwaka 2020, katikati ya korona.

Maabara zilikuwa zinatuma majibu ya vipimo kwa shirika la afya ya umma la England. Faili zenyewe hazikuwa na tatizo. Lakini pale shirikani zilikuwa zinaingizwa kwenye kiolezo cha Excel cha muundo wa zamani, XLS. Muundo huo unabeba mistari 65,536 tu. Ule mpya, XLSX, ulikuwepo tangu 2007, na unabeba 1,048,576. Kila kipimo kilichukua mistari kadhaa, kwa hivyo faili moja ilijaa baada ya wagonjwa kama 1,400. Waliozidi hapo hawakuingia.

Hakuna king'ora kilicholia. Ripoti iliendelea kutoka kila siku ikiwa imepangika vizuri. Kati ya 25 Septemba na 2 Oktoba, wagonjwa 15,841 hawakuonekana kwenye hesabu. Wenyewe walipewa majibu yao. Ila majina yao hayakufika kwa wakati kwa wale wanaotafuta waliokaa karibu na mgonjwa. Watu wakaendelea kupanda treni na kutembelea nyanya zao bila kujua. Baadaye watafiti walilinganisha maeneo, wakaona kwamba pale walipochelewa zaidi kutafuta watu, maambukizi na vifo vilipanda zaidi.

Sasa weka hizi stori mbili pamoja na yangu. Mimi nilisasisha bila kupima. Wao walibaki na muundo wa zamani bila kupima siku data ikiongezeka itakuwaje. Tumeanguka shimo moja kutoka pande mbili. Kwa hivyo ubishi wa kusasisha ama kutosasisha hautusaidii sana. Swali ni moja: utajuaje ripoti inasema ukweli?

Na jibu si geni. Mwaka 1997, Kent Beck na Erich Gamma walikuwa kwenye ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta, wakaandika mwanzo wa JUnit, chombo cha kuandika testi: programu fupi zinazokagua programu yako zenyewe, kila ukibadilisha kitu. Leo karibu kila lugha ya programu ina chake, na vingi ni vya bure. Sina kisingizio.

Wiki ile nilikaa chini nikaandika testi tano. Namba inayoanza na sifuri ibaki na sifuri yake. Jina la Ng'ang'a lisikatwe kwa sababu ya vile vialama. Mwanachama ambaye hajachanga aonekane na sufuri, asipotee. Tarehe 3/4 ibaki tarehe tatu mwezi wa nne, isigeuke kuwa ya Kimarekani. Mwisho, mistari 70,000 ikiingia, 70,000 itoke. Chama cha mama thelathini hakitafika huko, najua, lakini England nao walianza na wachache.

Nikaziendesha kwa toleo la zamani: zote zikapita. Toleo jipya: ya kwanza ikaanguka, nyekundu kabisa. Nikaiambia laibrari safu ya simu ni maandishi, isiguse. Zikapita zote tano. Hapo ndipo nilisasisha. Dakika arobaini, pamoja na chai.

Halafu nikaenda mkutanoni mwenyewe kuomba msamaha. Mama mboga alinisikiliza, akaniuliza swali moja ambalo bado linanisumbua: "Na ile miezi ingine, ulikuwa unajua iko sawa, ama ulikuwa unatumaini tu?"

Nilikuwa natumaini tu. Ilibidi nirudie ripoti zote sita, nizipime moja moja. Zilikuwa sawa, lakini hiyo ilikuwa bahati.

Na nyinyi mnaotengenezea kanisa, timu ya mtaa ama duka la shosho mahesabu, nauliza kwa upole: mara ya mwisho kuhakikisha ilikuwa lini?