Kichwa Kinachorudi: Utambuzi wa Maumivu ya Kichwa ya Watoto Kitui na Makueni

Maumivu ya kichwa yanayomrudia mtoto wiki baada ya wiki hayaonekani kwenye damu wala kwenye mkojo. Aina zake zinazoongoza, yaani kipandauso na maumivu ya mkazo, hutambuliwa kwa kuulizana: yalianza lini, hukaa saa ngapi, mtoto hutapika au hukimbia mwanga, na nani mwingine katika ukoo huumwa hivyo. Vipimo hutumika kuondoa shaka ya magonjwa mengine. Huko Kitui na Makueni, kaunti za Ukambani nchini Kenya, utaratibu huu ulikwenda kinyume kwa muda mrefu: chombo alichokuwa nacho mpimaji ndicho kilichoupa ugonjwa jina.

Kabla ya hospitali, mtoto aliyeugua na kuugua tena alipelekwa kwa mundu mue, mganga wa Kikamba. Mganga alipiga upinde wake wenye uzi mmoja, akamwaga mbegu kutoka kwenye kibuyu cha kititi, akazihesabu na kuzisoma. Alitafuta aliyetuma ugonjwa: aimu, yaani mizimu ya ukoo iliyosahauliwa, au jirani mwenye uchawi. Aimu wakitajwa, tiba ingeweza kuwa sadaka au ngoma ya kilumi. Gerhard Lindblom, Msweden aliyeishi Ukambani mwanzoni mwa miaka ya 1910, aliandika mengi juu ya kazi hiyo katika kitabu chake kikubwa kuhusu Wakamba. Sababu iliyotajwa na mganga haikuweza kuthibitishwa. Hata hivyo mazungumzo yake yaligusa ugomvi wa nyumbani, misiba na hofu, mambo ambayo leo yanajulikana kuchochea maumivu ya kichwa kwa vijana. Wahudumu wa baadaye, wenye foleni ndefu mlangoni, hawakuwa na nafasi ya kuyauliza.

Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Kitui mwaka 1849, akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa misafara. Kivoi aliuawa karibu na mto Tana mwaka 1851, mwaka uleule ambao Hermann von Helmholtz alichapisha maelezo ya kifaa cha kutazama ndani ya jicho. Kifaa hicho humwonyesha daktari kama neva ya jicho imevimba kwa sababu ya shinikizo ndani ya fuvu. Kwa mtoto anayeumwa kichwa hakuna chombo kidogo chenye faida kubwa kuliko hicho, na hadi leo zahanati nyingi za mashambani hazinacho.

Wamisionari waliofuata walikuja na kwinini, dawa ya malaria. Africa Inland Mission ilianzisha kituo chake cha kwanza Nzaui, katika Makueni ya leo, mwishoni mwa mwaka 1895. Kiongozi wake, Peter Cameron Scott, alikufa Desemba 1896 kwa homa ya mkojo mweusi. Haishangazi kwamba kwa wageni hao kila kichwa kilichouma kilitangulia homa. Ukambani ni nchi kavu: malaria huja baada ya mvua, hasa mabondeni, ilhali vilima vya Mbooni na Kilungu vina baridi. Kwa hiyo mtoto anayeumwa kichwa kileleni wakati wa kiangazi ana uwezekano mdogo wa kuwa na malaria, jambo ambalo tiba ya mazoea ililipuuza mara nyingi.

Mapema miaka ya 1950 Kitui ilikumbwa na mlipuko wa kala-azar, ugonjwa unaoenezwa na usubi. Watafiti waliufuatilia hadi kwenye vichuguu vya mchwa vilivyokuwa karibu na maboma, ambako vijana walipenda kukaa jioni. Homa ndefu na wengu uliovimba viliwafundisha wahudumu kupapasa tumbo la kila mtoto aliyeletwa. Lilikuwa somo zuri, lakini lilizidisha mazoea ya kuuweka mwili wenye homa mbele. Mtoto aliyelia kichwa Jumatatu, akacheza Jumanne, hakuwa na nafasi katika mafunzo hayo.

Ndipo ukaja wakati wa klorokwini, dawa ya bei nafuu iliyouzwa hata dukani. Kichwa, homa na uchovu vilitosha kuinunua, na kwa kuwa shambulio la kipandauso huisha lenyewe, dawa ilipewa sifa isiyo yake. Klorokwini iliposhindwa nguvu na vimelea, Kenya iliiacha mwaka 1998, na mwaka 2004 ikachagua mseto wenye artemetha. Kubahatisha malaria kulibaki vilevile. Malaria ikaongezewa mwenzake, homa ya matumbo, au taifodi kama wengi wanavyoiita. Kipimo cha Widal, kilichobuniwa mwaka 1896, hutafuta kingamwili ambazo huweza kubaki mwilini tangu maambukizi ya zamani, na kikifanywa mara moja tu hakiaminiki. Lakini ni rahisi na karatasi yake ina namba. Mtoto akatoka maabara na majina mawili, malaria na taifodi, pamoja na antibayotiki za bure kwa maana ya kutohitajika.

Mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2010 uliagiza kila mwenye homa, wa umri wowote, apimwe malaria kabla ya kupewa dawa. Vipimo vya haraka vilivyosambazwa baadaye vilileta swali jipya Ukambani: kipimo kinasema hapana, na kichwa bado kinauma. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa kushughulikia magonjwa ya utotoni haukusaidia, kwa sababu unaishia miaka mitano, umri ambao mtoto ndiyo kwanza anaweza kueleza kichwa chake.

Majibu yalikuwa yamekusanywa kwingine. Mwaka 1962 Bo Bille alichapisha uchunguzi wa karibu wanafunzi 9,000 wa Uppsala, mji uleule wa Sweden ambako kitabu cha Lindblom kilipigwa chapa, akaonyesha kwamba kipandauso huwapata watoto tangu darasa la kwanza. Jumuiya ya kimataifa ya maumivu ya kichwa ilitoa vigezo vyake vya utambuzi mwaka 1988 na kuvirekebisha baadaye. Kwa mtoto, kipandauso huweza kukaa saa 2 tu, kushika paji lote badala ya upande mmoja, na kuondoka akilala. Maumivu ya mkazo hubana kichwa kama kilemba kilichofungwa sana, bila kutapika. Kabla ya kubalehe wavulana na wasichana huugua karibu sawa. Baadaye wasichana huzidi. Mwaka 2002 madaktari wa neva wa Marekani walishauri kwamba mtoto ambaye uchunguzi wake hauonyeshi kasoro hahitaji kupigwa picha ya ubongo kama desturi.

Kwa tabibu wa miji ya Wote au Mwingi, hayo yanamaanisha kupima joto, shingo, shinikizo la damu, macho na mwendo, kisha kuuliza kuhusu usingizi, kifungua kinywa, maji ya kunywa, miwani, mitihani na dawa za dukani, kwani vidonge vya kutuliza maumivu vikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi huweza kuleta maumivu yao wenyewe. Maumivu yanayomwamsha mtoto usiku, kutapika kila alfajiri, kuyumba, degedege au shingo ngumu humpeleka hospitali kubwa bila kungoja. Wengine hupewa daftari la kuandika siku za maumivu na kutakiwa kurudi. Kurudi ndiko kulikokuwa kugumu, kwa nauli na ada. Makueni ilipoanzisha MakueniCare mwaka 2016, kaya iliyolipa shilingi 500 kwa mwaka ilitibiwa katika hospitali za kaunti bila kulipa mlangoni, na ziara ya pili, ambayo bila hiyo daftari halisomwi, ikabaki na gharama ya nauli peke yake.