Kisanduku kilitangulia, mikono ikachelewa

Asubuhi ya Mei 6, 2017, basi dogo la Shule ya Msingi Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni Rhotia, wilayani Karatu, likiwapeleka wanafunzi wa darasa la saba kwenye mtihani wa ujirani mwema. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watoto watatu walitolewa wakiwa hai. Miongoni mwa waliowahudumia pale pale walikuwamo Wamarekani wa shirika la STEMM, wapita njia tu. Mei 14 watoto hao walipaa kutoka uwanja wa ndege wa KIA kwenda kutibiwa Sioux City, Iowa, na Agosti 18 wakarejea nyumbani.

Wengi huusimulia mkasa huu kama muujiza, na ni haki yao. Lakini tusisahau kwamba dereva na walimu wale walikuwa kazini. Barabara ile ndiyo ilikuwa sehemu yao ya kazi siku hiyo.

Sheria zetu zilianza kwa kuitazama kazi ndani ya kuta nne. Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950, enzi ya Mwingereza, ilimtaka mwenye kiwanda aweke kisanduku cha huduma ya kwanza. Mwaka 2001 ukaanzishwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, na Sheria Namba 5 ya mwaka 2003 ikaiweka kando ile ya kikoloni, ikapanua ulinzi hadi nje ya viwanda.

Huko nje ndiko watu walikokuwa wakiumia miaka yote. Mirerani, ambako tanzanaiti iligunduliwa mwaka 1967, wachimbaji waitwao wanaapolo hushuka kwenye mashimo marefu yenye hewa haba. Maji ya mvua yaliua makumi ya wachimbaji mwaka 1998, na Machi 2008 maafa yakajirudia. Mgodini, huruma peke yake inaweza kuua: mwenzako akizimia kwa kukosa hewa, ukamfuata bila hewa safi na bila kamba, shimo linawachukua wote wawili. Hilo hulijui kwa kuwa na bendeji ukutani. Linafundishwa, tena kwa mazoezi.

Ndivyo ilivyo hata juu ya ardhi. Fundi wa gereji akikatwa na bati, mtu akandamize jeraha kwa kitambaa safi, asiachie kila mara kuchungulia kama damu imekata. Mpishi akiungua, apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, na dawa ya meno ibaki bafuni. Aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi asinyanyuliwe mikono na miguu na kutupwa kwenye bodaboda, maana uti wa mgongo uliopona kwenye anguko unaweza kukatikia kwenye safari.

Kila asubuhi magari ya watalii hutoka Arusha kupitia Makuyuni na Mto wa Mbu kuelekea Karatu, na madereva wengi wamefunzwa huduma ya kwanza kwa ajili ya wageni wao. Mafunzo hayohayo ayapate dereva wa daladala, wa lori la mchanga na wa basi la shule, yalipiwe na mwajiri, na mkaguzi wa OSHA akifika aache kuhesabu plasta kisandukuni: amwite mfanyakazi mmoja, amlaze mwingine chini, aseme, "Haya, mhudumie."