Udhaifu wa uzeeni

Udhaifu wa uzeeni ni hali ya mwili kuishiwa akiba ya nguvu, hata homa ndogo au kuanguka mara moja kukamlaza mzee kwa miezi. Hauendi na umri pekee: wilayani Handeni au Korogwe, mkoani Tanga, bibi wa miaka 80 aweza kuwa bado anapalilia mahindi, na jirani yake wa miaka 65 hawezi kujitwika ndoo.

Nchini Tanzania umechunguzwa hasa wilayani Hai, Kilimanjaro, katika ushirikiano wa hospitali ya KCMC ya Moshi na watafiti wa Newcastle, Uingereza, akiwemo Profesa Richard Walker. Kipimo chao, B-FIT, hakidai mashine. Mzee huulizwa maswali ya kumbukumbu na ya shughuli za kila siku, kisha shavu la mguu huzungushiwa futi ya kamba, kama ya fundi cherehani. Mguu uliosinyaa huonyesha misuli iliyokwisha. Zahanati yoyote yaweza kukitumia.